Kutu Hutangulia

Behewa lilifika kwa posta, limeviringwa kwa pamba,
plastiki tupu, refu kama kidole changu cha kati,
safi kuliko behewa lolote lililowahi kupita Aberdâr.
Makaa ya mawe hayajawahi kulilalia.
Halijui mvua. Halijui teke la mtu
anayelazimisha pini ya mlango saa kumi alfajiri.

Kazi yangu ni kulizeesha.

Naanzia mwisho. Rangi ya kwanza ni kutu:
hudhurungi iliyokolea, kisha chungwa kidogo,
nadonoa kwa kipande cha sponji nilichokinyofoa
kwenye sponji ya vyombo, mke wangu hajui.
Ikikauka nalilowesha, nanyunyiza chumvi,
chumvi ileile ya mezani,
punje hapa, punje pale, nyingi chini, chache juu,
kwani chuma huanza kuchoka miguuni, kama sisi.
Halafu juu ya yote napulizia kijivu,
kijivu cha kiwandani, cha siku ya kuzaliwa.

Kesho yake nasugua kwa mswaki mkuukuu.
Chumvi inatoka, inaondoka na ngozi ya juu,
na kutu inachungulia.
Kwingine kote rangi hutangulia, kutu hufuata;
mezani kwangu kutu ndiyo mkubwa, upya ni mdogo wake,
umekuja jana tu na tayari unabanduka.

Jumanne, Marged wa nyumba ya pili alipanda ngazi
kuniletea barua iliyopotea njia.
Miaka thelathini na mmoja alipika chai kantini ya yadi;
mumewe, Meurig, alikuwa mkaguzi wa mabehewa,
mtu wa nyundo ndefu: anagonga gurudumu, anasikiliza.
Alichukua lenzi bila kuomba. Akainama.
Nilingoja sifa.

"Nani kakwambia kutu hushuka hivi?
Umeinyoosha kama pazia.
Hukaa konani, kwenye kiungo cha mlango,
makaa yakilala na maji yake Jumamosi na Jumapili.
Na huu mstari mweupe umeuonea huruma."

Nikarekebisha. Nikasaga chaki, nyeusi na ya udongo,
nikapaka kwa brashi laini, nikapuliza ziada,
nusu ya bonde ikaniingia puani.

Alhamisi akarudi, safari hii hana barua.
"Bado maandishi," akasema.

Ndipo akaeleza. Behewa bovu, Meurig aliliandika ubavuni
lipelekwe karakana. Siku ambayo kazi ilimzidi
alichora birika chini ya maandishi,
na behewa likisukumwa mbele ya dirisha la kantini
Marged anajua: nachelewa, acha maji motoni.
"Hakuwahi kuniandikia barua. Mabirika tu.
Mengine yalifika hadi Cardiff."

Birika kwenye behewa la kimo hiki
ni dogo kuliko punje ya ufuta.
Nilichonga penseli nyeupe hadi ikawa mwiba,
nikazuia pumzi.
La kwanza lilikuwa bata. La pili kiatu.
La sita, Mungu shahidi, lilikuwa birika:
mdomo, kishikio, kifuniko, hata uzi wa mvuke.
Nikampa lenzi.
Akatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hapana. Zuri mno. Meurig hakujua kuchora."

Nikaudhika. Nikalowesha kidole gumba kwa mate
nilifute lote, nianze upya,
nikapitisha mara moja tu
akanishika kiwiko.

Lilibaki doa, mkia mweupe ukiteremka kwenye kijivu,
kitu ambacho mgeni angedhani ni kinyesi cha njiwa.
"Acha hapo," akasema.
"Hivyo ndivyo yalivyorudi. Mvua ishayapitia."

Sasa liko la nne kutoka nyuma.
Watoto wakija hutazama injini.
Mimi nikiendesha treni, likikaribia dirisha
la kantini ambayo bado sijaijenga,
napunguza mwendo.